Fedha ya Duara na Nguvu ya Matangazo

Kuishi kwa kiasi ni kugumu zaidi pale fedha inapokuja bila tarehe. Ndivyo ilivyo katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita. Duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, linaweza kukaa miezi bila kutoa kitu. Siku likitoa, mchimbaji mdogo aliyekuwa akila kwa mkopo hushika kwa mara moja fedha ambayo mkulima wa pamba huingoja msimu mzima. Muuzaji naye anaijua siku hiyo.

Huko Bulyanhulu, katika ukanda huohuo, wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 1996, na mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Katika miji ya migodini kama Kakola, mishahara ya wengine hukutana na bahati za wengine, na matangazo hufuata fedha zote mbili: kuta zilizopakwa rangi za kampuni za simu, magari yenye vipaza sauti, jezi za mpira. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994 tu. Leo tangazo limo mfukoni, na simu ileile inayoamsha tamaa hutoa pia mkopo wa kuitimiza. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu nafasi ya kufikiri imeondolewa. Mikopo ya mitaani yenye riba kali watu wameiita kausha damu, na hawakukosea.

Kuishi kwa kiasi si kukosa. Uhaba wa sabuni na sukari wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 haukumfundisha mtu kiasi, ulimfundisha foleni. Wasukuma walikuwa na njia bora zaidi: fedha ya pamba iligeuzwa ng'ombe. Ng'ombe alitoa maziwa, alivuta plau, alilipa mahari, na hakuweza kutumika kwa pupa, maana ilibidi kwanza aswagwe hadi mnadani. Ukame ulimuua, ni kweli, lakini tangazo halikumgusa.

Wanaodumu migodini hufanya jambo lilelile kwa vitu vingine. Mgawo wa duara ukitoka, hununua tofali na mabati kabla ya kuingia mjini, au hupeleka fedha kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Sanduku la vikundi vingi lina kufuli tatu, funguo hukaa kwa watu watatu, na hufunguliwa siku ya mkutano tu, mbele ya wanachama. Anayetaka mkopo hueleza mbele yao ni wa nini: ada ya shule, mbegu, matibabu, au simu mpya.