USITUPE MASEGA! Jua nta inayeyuka kwenye joto gani

Ndugu zangu wa Serengeti na Tarime mnaouza asali, hii ni yenu. Ukishakamua asali, yale masega yaliyobaki ni nta, na nta ni hela. Inatengenezewa mishumaa, mafuta ya kujipaka na dawa ya viatu. Shida ni kwamba wengine wanaitupa, wengine wanaiunguza. Mnunuzi akiona nta nyeusi inanuka moshi, anashusha bei au anakuachia mzigo wako.

Siri yote ni joto. Kila kitu kina joto lake la kuyeyuka:

👉 Mafuta ya ng'ombe: kama nyuzi 40 hadi 50
👉 Parafini, yaani nta ya mishumaa ya dukani: 46 hadi 68, inategemea aina
👉 Nta ya nyuki: 62 hadi 64
👉 Risasi: 327
👉 Alumini ya sufuria: 660
👉 Dhahabu, kama ile ya Nyamongo: 1,064

Umeona? Dhahabu inataka tanuru, lakini nta inayeyuka hata kabla maji hayajachemka. Kwa hiyo moto mkali wa nini?

Maji yakishachemka, joto lake halipandi tena. Huku kwetu milimani yanachemka hata chini kidogo ya nyuzi 100. Nta haiko hivyo. Ukiiweka kavu juu ya jiko, joto linapanda tu. Ikipita 85 rangi yake inaanza kuharibika, na ikipita 200 mvuke wake unaweza kushika moto. Hapo unaweza kupoteza nta, jiko na nyumba.

Fanya hivi:

1. Osha masega, yafunge kwenye kitambaa au gunia safi, yatumbukize kwenye sufuria ya maji. Maji ya mvua ni mazuri zaidi.
2. Moto uwe mdogo. Nta itatoka na kuelea kwa sababu ni nyepesi kuliko maji. Kamua gunia kwa mti, uchafu utabaki ndani.
3. Epua, funika, acha ipoe taratibu mpaka kesho. Utakuta nta imeganda juu kama sahani. Kwangua uchafu wa chini.
4. Ukitaka kuisafisha tena, weka nta kwenye sufuria ndogo, uitumbukize ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto. Ikiyeyuka yote, epua na uichuje.

Usitumie chombo cha shaba wala chuma chenye kutu, kinabadilisha rangi. Na nta ikishika moto, USIMWAGE MAJI. Zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko.

Wewe unayenunua nta mnadani, nunua kipimajoto. Yeyusha kipande, acha kipoe, angalia kinaanza kuganda kwenye nyuzi ngapi. Ikishuka mpaka 50 na bado ni maji maji, kuna mafuta ya ng'ombe au parafini humo. Ila parafini nyingine inaganda karibu sawa na nta, kwa hiyo nusa pia: nta halisi inanukia asali.

Una jirani anayetupa masega? Mtumie hii.