Mfarishi na darizi: Kazi mbili katika chumba kimoja

WAHENGA walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Aghalabu methali hii hutupiwa mtu anayeshona nyumbani, ambaye kwenye kona moja ya chumba ana viraka vya mfarishi vilivyokatwa vikasalia bila kuunganishwa, na juu ya kiti ana kitambaa cha meza kilichodariziwa nusu ua. Kazi zote mbili zimelipiwa arubuni, na wenyewe wanapiga simu kila uchao. Hata hivyo, methali hiyo huwa kweli pale tu kazi zote mbili zinapogombania saa moja. Mfarishi na darizi havidai saa zile zile, mwanga ule ule wala nafasi ile ile, na anayelielewa jambo hilo anaweza kuvifanya sambamba bila kuchelewesha mteja.

Mfarishi ni tandiko la tabaka tatu. Kuna uso wa juu, ambao mara nyingi huundwa kwa viraka vya rangi mbalimbali. Kuna kijazo cha katikati, kiwe pamba, sufi au hata blanketi kuukuu. Na kuna bitana ya chini. Tabaka hizo hushikanishwa kwa mishono inayopenya zote tatu, na mishono hiyo ndiyo inayozuia kijazo kisirundikane upande mmoja baada ya kufuliwa. Darizi nayo ni nakshi ya uzi juu ya kitambaa, ambayo hukua polepole, tundu la sindano baada ya tundu. Mfarishi hutaka sakafu, meza, pasi na cherehani. Darizi hutaka mapaja, dirisha na macho mazima.

Ufundi wenyewe si mgeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Leso, ambayo jina lake linatokana na neno la Kireno lenye maana ya kitambaa cha mkononi, husimuliwa kuwa ilianza katika karne ya 19 pale wanawake waliponunua vitambaa sita vya mkononi vikiwa bado havijakatwa, wakavigawa vitatu vitatu na kuvishona ubavu kwa ubavu hadi vikawa vazi moja. Huo ulikuwa ushonaji wa viraka hata kama hakuna aliyeuita hivyo. Kofia za viua, zinazosifika sana Lamu, zina funzo jingine. Mchoro hutangulia kuchorwa juu ya kitambaa cheupe cha tabaka mbili, kisha vitundu vidogo hutobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja baada ya kingine kwa muda wa miezi. Nakshi ikishakamilika ndipo ukanda wa pembeni unapounganishwa na kipande cha duara cha utosini. Kwa kuwa vipande hivyo hukunjika vikaenea kiganjani, mshonaji huweza kukaa barazani akazungumza na jirani huku mkono ukiendelea na kazi.

Darizi, kwa hivyo, ni kazi inayokubali kulishwa makombo ya wakati. Robo saa ya kungoja maharagwe yaive, nusu saa ya kupanga foleni zahanatini, au muda wa kumsubiri mtoto amalize zoezi la hesabu, vyote hutosha kumaliza jani moja au mawili. (Matatu ni mahali pabaya pa kudarizi, barabara zetu na sindano havijawahi kupatana.) Mfarishi haukubali makombo hayo. Mtu akitandaza viraka sakafuni kuona rangi zinavyokaa, akawasha pasi na kuanza kuunganisha, anahitaji saa tatu au nne mfululizo, la sivyo atatumia nusu ya muda wake kutandaza na kukunja. Siku moja au mbili katika wiki, watoto wakiwa shuleni, zikitengewa cherehani pekee zitazaa matunda kuliko dakika 20 za kila jioni.

Suala la mwanga nalo halifai kupuuzwa. Chini ya taa za nyumbani, uzi mweusi na ule wa samawati iliyokoza huweza kuonekana sawa, na hudhurungi mbili zilizolingana usiku zikatengana vibaya asubuhi. Rangi zichaguliwe mchana karibu na dirisha, kisha nyuzi zipangwe tayari kwa jioni. Usiku ubakie kwa sehemu zilizozoeleka za rangi moja, na kwa kupiga bandi. Aliyefikisha umri wa miaka 40 na zaidi akianza kusogeza sindano mbali ili aone tundu lake, dawa yake ni miwani ya kusomea wala si taa kubwa zaidi. Umeme ukipotea, cherehani ya kukanyaga kwa miguu huendelea na kazi palipo na mwanga wa jua, na ndiyo maana nyumba nyingi hazijaitupa ile kongwe nyeusi hata baada ya kununua ya stima.

Ugumu halisi huanza pale darizi inapotakiwa kuingia ndani ya mfarishi wenyewe. Mathalani, mteja ameagiza mfarishi wa arusi wa kitanda cha futi 4 kwa 6, na anataka baadhi ya viraka viwe vyeupe vyenye maua ya mkono. Ili mfarishi uning'inie pembeni, vipimo vyake viwe inchi 72 kwa 90. Viraka vya inchi 9 vikipangwa 8 kwa upana na 10 kwa urefu, jumla yake ni 80. Kila kiraka hukatwa inchi 9 na nusu, kwa sababu robo inchi humezwa na mshono katika kila upande. Tuseme viraka 12 ni vya darizi na 68 ni vya kitenge. Kitenge chenye upana wa inchi 45 hutoa viraka vinne kwa kila mkato, hivyo mikato 17 hula inchi 161 na nusu, karibu yadi 4 na nusu. Ni busara kununua yadi 5, maana pamba hurudi ikiingia majini.

Hapo ndipo wengi hukosea. Hukata viraka vyote 80 kwa kipimo kimoja, kisha wakaanza kudarizi vile 12. Uzi wa darizi huvuta kitambaa. Ua likikamilika, kiraka kilichokuwa inchi 9 na nusu huwa kimepungua na kupinda kidogo, na upungufu wa sehemu moja ya nane ya inchi katika kila kiraka hufupisha safu ya viraka vinane kwa inchi nzima. Safu hiyo haiwezi tena kukutana na jirani yake pembe kwa pembe, na hakuna pasi iwezayo kuificha aibu hiyo. Afadhali kile kitambaa cheupe kikatwe inchi 12, kidariziwe, kifuliwe, kipigwe pasi kikiwa kimelazwa kifudifudi juu ya taulo ili nakshi isibonyee, na hapo mwisho ndipo kipunguzwe hadi inchi 9 na nusu huku ua likiwa katikati. Inchi za ziada pia huzipa zile pete mbili za mbao za kudarizia mahali pa kubana.

Kitenge nacho kifuliwe kabla ya makasi kukigusa. Rangi nyekundu na ile ya nili ndizo zenye hila zaidi. Zikichuja juu ya kiraka cheupe kilichochukua wiki nzima kudariziwa, kazi hiyo haina wa kuiokoa. Wapo wanaoamini kwamba chumvi au siki katika maji hufunga rangi. Kwa nguo ya pamba iliyokwisha kutiwa rangi kiwandani, imani hiyo haina msaada wa kutegemewa. Njia ya hakika ni kufua na kusuza mara kwa mara hadi maji yawe meupe, kisha kukipigia pasi kitenge hicho kikiwa bado na unyevu juu ya kipande cheupe cha majaribio. Kikiacha doa, kirudi kwenye beseni au kitafutiwe kazi nyingine.

Baada ya viraka vyote kuunganishwa, bitana hutandazwa sakafuni upande wake mzuri ukiangalia chini, kijazo kikafuata na uso wa juu ukawekwa mwisho. Tabaka hushikizwa kwa bandi ndefu au pini za nepi kwa umbali wa ngumi moja, kuanzia katikati kuelekea pembeni ili mikunjo ifukuzwe nje. Pamba na sufi hutaka mishono iliyokaribiana, kiasi cha inchi 3 hivi, kwa sababu zisiposhikwa hukusanyika kama uji uliopoa. Katika maeneo ya baridi kama vile Limuru na Nyandarua, blanketi kuukuu lililo safi ni kijazo bora kuliko watu wanavyolidhania, kwani halihami. Mshono upite kandokando ya ua la darizi pasipo kulikata. Mkono wa cherehani ya nyumbani ni mfupi, hivyo mfarishi hukunjwa kama mkeka pande zote mbili na kuegemezwa juu ya meza au kiti. Ukiachwa uning'inie, uzito wake huvuta sindano ikapinda au kukatika.

Iko jamii ambayo imeupuuza kabisa utaratibu huu wa darizi kutangulia, na ikafaulu. Katika eneo la Bengali, ambalo leo limegawanyika kati ya Bangladesh na jimbo la West Bengal nchini India, wanawake wamekuwa wakipanga sari kuukuu tabaka juu ya tabaka na kuzipitishia mshono mdogo wa bandi, mara nyingi kwa nyuzi zilizochomolewa kwenye pindo za sari hizo hizo. Mshono huo mmoja hushikanisha tabaka na papo hapo kuchora samaki, mitende, ndege na mayungiyungi. Matandiko hayo huitwa nakshi kantha, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulielewa neno la kwanza. Mshairi Jasimuddin alilitungia utenzi wake uliochapishwa mwaka wa 1929, unaosimulia juu ya mke aliyetengana na mumewe na kuudarizi mkasa wao wote katika tandiko. Kwa mtu mwenye leso kuukuu kabatini na asiye na nafasi ya meza kubwa, mtindo wa kantha ni njia fupi inayostahili kujaribiwa. Leso mbili zilizolainika kwa kufuliwa huchomeka sindano kwa wepesi kuliko kitenge kipya.

Chumba kikiwa kimoja, vitu viwili havistahili kuchanganywa: vumbi la kijazo na kazi nyeupe. Manyoya ya pamba hunasa kwenye uzi wa darizi, na tone moja la mafuta ya cherehani hutosha kuharibu ua. Darizi ilale ndani ya foronya safi, wala si ndani ya mfuko wa plastiki unaofungia unyevu. Pete za kudarizia ziondolewe kila kazi inapolazwa, kwa kuwa huacha alama ya duara ambayo ni vigumu kuitoa. Isitoshe, sindano isiachwe imechomekwa kitambaani. Katika hewa ya Mombasa na Lamu, yenye chumvi na unyevunyevu, siku chache hutosha kuipa kutu na kuacha doa la hudhurungi pale pale petali ilipokusudiwa kuanzia. Sindano na pini zihesabiwe kabla na baada ya kazi. Pini iliyosahaulika ndani ya mfarishi humpata mtoto kitandani.

Kuhusu malipo, washonaji wengi wa nyumbani hujipunja wenyewe bila kujua. Hutoza bei ya kitambaa na zile siku za cherehani, na darizi wakaihesabu kama jambo la kupitishia wakati. Katika mfano wa mfarishi wa arusi uliotajwa, iwapo kila ua lahitaji saa 6, maua 12 ni saa 72. Hizo ni siku tisa za kazi za saa nane, nyingi kuliko muda ambao huenda cherehani ikatumia kwa viraka vyote 80. Mtu anayedarizi saa moja kwa siku atahitaji siku 72, na arusi haitamngoja. Ndiyo maana tarehe ya kukabidhi mfarishi huo hukadiriwa kwa kuanzia na darizi, na siku za cherehani huongezwa juu yake. Mteja akiambiwa miezi mitatu wakati wa kutoa arubuni, atakubali, atapunguza maua hadi manne au ataenda kwingine. Kwa vyovyote vile ni mapema ya kutosha kuepuka ugomvi.

Kazi inayolazimika kuwekwa kando kwa wiki kadhaa ifungwe pamoja na kikaratasi. Kiandikwe nambari ya rangi ya uzi, idadi ya nyuzi zilizotumika sindanoni, maana uzi wa kudarizi huuzwa ukiwa na nyuzi sita nyembamba ambazo hutenganishwa na mara nyingi mbili au tatu hutosha, mahali mkono ulipoachia, na tarehe ya mteja. Kipande kidogo cha uzi huo kishikizwe kwa pini kwenye kikaratasi, kwa sababu duka huenda likawa limemaliza akiba yake, na rangi ya pakiti mpya isilingane na ile ya zamani hata ikiwa na nambari ile ile.