Jina la Tovuti: Hakikisha Limesajiliwa kwa Jina Lako

Chama cha ushirika kinamlipa fundi wa kompyuta akitengenezee tovuti. Kazi inakamilika na wateja wanaanza kupiga simu. Mwaka mmoja baadaye tovuti inazimika na fundi hapatikani. Viongozi wanapouliza, wanaambiwa kuwa kumbukumbu zinamtambua fundi kama mwenye jina, si chama.

Matatizo ya aina hii huanzia siku ya usajili. Jina la tovuti halinunuliwi mara moja likawa lako milele. Hulipiwa kwa muda maalum, aghalabu mwaka mmoja, kisha hulipiwa upya. Nchini Kenya, majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na shirika la KeNIC, lakini mwananchi huyasajili kupitia kampuni zilizoidhinishwa. Biashara hutumia .co.ke, mashirika yasiyo ya faida .or.ke, nayo .go.ke ni ya taasisi za serikali.

Kila jina lina kumbukumbu, maarufu kama WHOIS, ambayo yeyote anaweza kuitafuta mtandaoni bila malipo. Huonyesha kampuni iliyosajili jina, tarehe lilipoandikishwa na tarehe ya kuisha. Hapo awali, jina na simu ya mwenyewe pia vilionekana wazi. Tangu mwaka wa 2018, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data ilipoanza kutekelezwa, taarifa nyingi za watu binafsi zimefichwa. Kenya nayo ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka wa 2019.

Kumbukumbu hizo pia humsaidia mnunuzi. Duka la mtandaoni linalodai kuhudumu kwa miaka kumi, ilhali jina lake lilisajiliwa wiki iliyopita, linapaswa kutiliwa shaka kabla ya kutumiwa pesa.

Wafanyabiashara na vikundi wanashauriwa kuzingatia haya:

• Jina lisajiliwe kwa jina la biashara au kikundi, hata kama fundi ndiye anayefanya kazi hiyo.

• Barua pepe ya usajili iwe ya kikundi, na nywila ijulikane na zaidi ya kiongozi mmoja.

• Risiti zihifadhiwe, na tarehe ya kuisha iandikwe kwenye kalenda ya ofisi.

Asiyejua jina lake limesajiliwa kwa nani aulize kampuni iliyolisajili leo, kabla tovuti haijazimika.