Bandari ya Monet na mwambao wa Kyela

Mwaka 1872, Mfaransa Claude Monet alichora bandari ya Le Havre, mji aliokulia, akiitazama alfajiri kutoka dirisha la hoteli. Picha ni ndogo, sentimita 48 kwa 63. Jua la rangi ya chungwa limetokeza kwenye ukungu. Mbele yake kuna mitumbwi. Nyuma, milingoti, winchi na mabomba ya moshi yanaonekana kwa taabu. Ukiigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, jua karibu linatoweka, kwa kuwa mng'ao wake ni sawa na wa anga. Linawaka kwa rangi tu.

Ilipoonyeshwa Paris mwaka 1874, mkosoaji Louis Leroy aliikejeli gazetini. Kejeli yake, iliyocheza na jina la picha hiyo, ndiyo iliyowapa jina wachoraji wa mkondo ule: Waimpreshonisti. Leo picha hiyo imetunzwa katika makumbusho ya Marmottan Monet, Paris.

Kinachonigusa zaidi ni alichokichagua Monet. Alichora mahali pa kazi, penye moshi na makasia, akapaona panastahili.

Nasi hapa Kyela tunapo mahali kama hapo. Kutoka Kasumulu, malori yanaposubiri kuvuka Mto Songwe kwenda Malawi, si mbali kufika Ziwa Nyasa. Huku jua halichomozi majini: hutoka nyuma ya Milima ya Livingstone, hivyo Matema hubaki kivulini wakati maji ya upande wa Songwe yameshang'aa. Wakisi wa Ikombe huleta vyungu vyao kwa mitumbwi, vimepangwa kwa uangalifu visigongane. Usipa huanikwa juani. Meli hupakia abiria na mizigo ya vijiji ambavyo barabara haijavifikia vizuri.

Mambo haya hayadumu yalivyo. Meli ya mvuke Ilala ilianza safari Ziwa Nyasa mwaka 1875. Leo enzi ya mvuke imekwisha. Itungi nako, mchanga wa mito umeisumbua bandari miaka mingi.

Vifaa visiwe kisingizio cha kutochora. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kwa rangi za kawaida za dukani na vipande vya hadibodi, akaacha mtindo unaojulikana duniani.

Walimu wa sanaa wa Kyela wawapeleke wanafunzi Itungi na Matema wakiwa na penseli. Wawachore wapagazi, wavuvi na akina mama wa vyungu, na halmashauri itenge ukuta wa kuzitundika kazi hizo. Historia ya mwambao huu ianze kuchorwa na wanaoishi kwa jasho lake.