Ndani ya Sanduku la Kompyuta: Vipuri Vidogo, Dalili Zake na Majina Yake



Katika kurasa hizi tumezoea kujadili sarufi, fasihi na mbinu za kufundishia. Safari hii tumeona ni vema tuzungumzie chombo ambacho sote hukitumia kuandaa masomo na kuandika tasnifu, lakini ambacho wachache miongoni mwetu wamewahi kukifungua: kompyuta ya mezani. Hatukusudii kumgeuza mwalimu wa lugha awe fundi. Tunakusudia kuonyesha kwamba kauli inayosikika mara kwa mara katika ofisi na maabara za lugha, yaani "kompyuta imekufa", kwa kawaida si sahihi. Aghalabu kilichoharibika ni kipuri kimoja tu, tena kidogo na cha bei nafuu, ambacho hatukijui hata jina. Kwa kuwa hatukijui, mashine nzima hupelekwa stoo, na ndani yake hubaki mitihani, tasnifu na rekodi za fasihi simulizi zilizokusanywa vijijini kwa jasho jingi.

Kwa nini vipuri hivi havijulikani

Kila mwanafunzi wetu anaweza kutaja skrini, kibodi na kipanya, ambacho wengine hukiita puku. Kwa kompyuta yenyewe tuna majina zaidi ya moja: wapo wanaoiita ngamizi, na wenzetu wa Kenya wamelizoea neno tarakilishi, lililoundwa kutokana na tarakimu na akili. Upande wa programu nao haukuachwa nyuma. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na kampuni ya Microsoft nayo baadaye ikatoa programu zake kwa lugha yetu. Hivyo maneno kama faili, hariri na hifadhi yamezoeleka.

Lakini tukichunguza tutaona kwamba maneno yaliyopata bahati ni ya vitu vinavyoonekana kwa macho au vinavyoandikwa kwenye skrini. Kilichofichwa ndani ya sanduku hakikuhitaji kutafsiriwa na mtu yeyote, kwa sababu hakijitokezi kwenye menyu. Majina yake yamebaki mdomoni mwa mafundi. Hapa Kampala fundi na mteja wake huchanganya Kiluganda, Kiingereza na Kiswahili, na mteja asiyekuwa na neno la kutumia huishia kusema "imekufa". Fundi naye, kwa kukosa maelezo, huanza kubahatisha.

Tuanze na kitenzi

Kwa bahati nzuri, Kiswahili kina vitenzi vinavyoweza kumsaidia fundi hata kabla hajashika bisibisi. Tulinganishe kauli hizi: kompyuta haiwaki, inawaka lakini haionyeshi kitu, inajizima, inasahau saa, inaganda na kujiwasha upya. Kwa mtu asiyejali lugha, zote hizi ni "imekufa". Kwa anayejali, kila moja inaelekeza kwenye kipuri tofauti. Tuzipitie moja baada ya nyingine.

1. "Haiwaki": pawasaplai

Nyuma ya sanduku, pale waya wa umeme unapochomekwa, pana kijisanduku cha chuma chenye feni yake. Hiki ndicho mafundi hukiita pawasaplai, nasi tunaweza kukiita kigawa-umeme. Umeme wa ukutani hapa Uganda ni wa volti 240, na mkondo wake hubadilisha mwelekeo mara nyingi kwa kila sekunde. Vipuri vya kompyuta haviwezi kuutumia hivyo ulivyo. Kazi ya pawasaplai ni kuugeuza uwe mkondo wa mwelekeo mmoja na kuushusha hadi volti 12, 5 na 3.3, kisha kuugawa kwa kila kipuri kwa nyaya za rangi mbalimbali. Umbo la pawasaplai nyingi za mezani linafuata kigezo kiitwacho ATX, kilichotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995. Ndiyo maana pawasaplai iliyotolewa katika kompyuta moja mara nyingi huingia katika nyingine, ingawa baadhi ya kampuni hutengeneza maumbo yao ya pekee.

Kompyuta isipowaka kabisa, bila taa wala mlio, kwanza tuhakikishe soketi ya ukutani ina umeme na swichi ndogo ya nyuma haijazimwa. Katika pawasaplai za zamani kuna pia swichi nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Katika nchi zetu swichi hiyo lazima ikae kwenye 230. Ikiachwa kwenye 115, pawasaplai inaweza kupasuka mara tu umeme unapoingia.

Jambo moja tulisisitize: pawasaplai yenyewe isifunguliwe. Ndani yake umo umeme wa volti zaidi ya 300 unaoweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa. Ikiharibika, hubadilishwa nzima.

2. "Inawaka lakini haionyeshi kitu": RAM

Ubao mkubwa uliolala ndani ya sanduku, ambao vipuri vyote vimeunganishwa nao, huitwa ubao mama. Juu yake husimama vibao vyembamba vyenye meno ya rangi ya dhahabu. Hivyo ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda. Humo ndimo maandishi yetu hukaa tunapoyaandika, kabla hatujayahifadhi. Umeme ukikatika, yaliyomo hutoweka.

Kila tunapowasha kompyuta, programu fupi iliyomo katika chipu ya ubao mama hukagua vipuri kabla ya jambo jingine lolote. Isipoiona RAM haiwezi kuandika kitu kwenye skrini, kwa hiyo baadhi ya kompyuta hulia "pii, pii" kupitia spika ndogo ya ndani. Idadi na urefu wa milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji, na maana yake huelezwa katika kijitabu cha ubao mama. Mwanafunzi akihesabu milio hiyo na kuiandika, amemrahisishia fundi kazi.

Mara nyingi RAM haijaharibika, bali vumbi au ukungu umezuia meno yake yasiguse vizuri. Dawa yake ni kuzima, kuchomoa waya, kutoa kibao, kukifuta meno taratibu kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, na kukirudisha hadi vibanio vya pembeni vilie "ta!". Kazi hii haihitaji kipuri kipya hata kimoja.

3. "Inajizima": feni, bamba la kupoza na pesti

Tuangalie tofauti ya viambishi. Kompyuta imezimwa na mtu, imezimika umeme ulipokatika, imejizima yenyewe. Kauli hii ya tatu, hasa ikiwa kompyuta hufanya kazi kwa dakika chache kisha hujizima, humfanya fundi afikirie joto.

Prosesa, ambayo ndiyo bongo la kompyuta, huchemka sana inapofanya kazi. Juu yake huwekwa bamba la kupoza, yaani kipande cha aluminiamu au shaba chenye mapezi membamba, na juu ya bamba huwekwa feni inayopeperusha joto hilo. Kati ya prosesa na bamba hupakwa uji mzito, aghalabu wa kijivu, unaofanana na dawa ya meno. Mafundi huuita pesti. Hata nyuso mbili za chuma zinazoonekana laini huwa na mashimo madogo yanayoshika hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Pesti hujaza mashimo hayo.

Miaka inavyopita pesti hukauka, na vumbi letu jekundu huziba mapezi. Prosesa ikizidiwa na joto hupunguza kasi yake, na ikishindwa kabisa huzima mashine ili isiungue. Kwa hiyo kujizima ni kinga, wala si kifo. Tiba yake ni burashi laini, kipulizio cha hewa na pesti mpya. Tunapopuliza vumbi, tuizuie feni kwa kidole isizunguke ovyo, kwani inaweza kuharibika.

4. "Inasahau saa": betri ya ubao mama

Wengi hushangaa kusikia kwamba kompyuta ya mezani ina betri. Ni kidonge cha duara kama sarafu, kwa kawaida cha aina ya CR2032: kipenyo chake ni milimita 20, unene ni milimita 3.2, na nguvu yake ni volti 3. Kazi yake ni kuiwezesha saa ya ndani iendelee kutembea wakati mashine imechomolewa. Mpango huu ulianza kuwa wa kawaida tangu kompyuta ya IBM PC AT ya mwaka 1984. Katika mashine nyingi, hasa za zamani, betri hiyo pia hutunza mipangilio ya msingi.

Betri hudumu kwa miaka kadhaa. Ikiisha, kila asubuhi kompyuta hurudi kwenye tarehe ya miaka iliyopita. Jambo hili linaonekana dogo, lakini lina matokeo ya ajabu: tovuti nyingi hukataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vina tarehe, na kwa kompyuta iliyorudi nyuma vyeti hivyo vinaonekana bado havijaanza kutumika. Basi mtumiaji hulaumu intaneti, na mtu wa intaneti hulaumu kompyuta, kumbe kinachohitajika ni kidonge kinachouzwa hata katika maduka ya saa.

5. "Inaganda na kujiwasha upya": kapasita

Juu ya ubao mama kuna vipipa vidogo vilivyosimama wima, vingine vifupi kuliko ncha ya kidole. Hizi ni kapasita. Huhifadhi umeme kidogo na kuutoa papo hapo, ili mkondo unaoifikia prosesa utulie usipande na kushuka. Tunaweza kuzifananisha na mtungi wa maji nyumbani: bomba likisuasua, wa nyumbani huchota mtungini na hawaoni tofauti.

Kapasita nzima ina kifuniko bapa. Iliyoharibika huvimba juu, na wakati mwingine hutoa majimaji ya hudhurungi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita nyingi zilizotengenezwa kwa majimaji duni ziliingia sokoni, na kompyuta za kampuni mbalimbali duniani zikaharibika kabla ya wakati wake. Wahenga walisema nazi mbovu harabu ya nzima, na hapa nazi yenyewe ni kipipa kidogo tu. Ubao mama nyingi za siku hizi hutumia kapasita ngumu zisizo na majimaji, lakini mashine kuukuu bado zipo katika ofisi na shule zetu. Fundi mwenye chuma cha kulehemu anaweza kubadilisha kapasita hizo bila kununua ubao mpya.

Na kazi zetu je?

Hili ndilo jambo ambalo tungependa kila msomaji alishike. Vipuri vyote tulivyovitaja havitunzi kazi zetu. Kazi zilizohifadhiwa zimo katika diski kuu, na diski kuu inaweza kuwa nzima kabisa hata kama pawasaplai imeungua. Hufungwa kwa skrubu chache na kuunganishwa kwa waya mwembamba wa data na waya wa umeme. Fundi anaweza kuitoa na kuiunganisha na kompyuta nyingine kwa adapta ya USB, na rekodi zote zikanakiliwa. Tahadhari ni mbili. Kwanza, diski ikitoa mlio wa "tak, tak", izimwe mara moja, isiwashwewashwe tena kwa kujaribu. Pili, baadhi ya kompyuta mpya hufunga diski kwa ufunguo wa siri. Ufunguo huo uandikwe na kutunzwa mahali pengine mapema.

Kwa hiyo kabla kompyuta yoyote haijatupwa, kuuzwa au kufungiwa stoo, swali la kwanza liwe: diski kuu imetolewa? Na kwa kuwa diski nayo huharibika, nakala ya pili ni ya lazima.

Zoezi la darasani

Tunawapendekezea walimu zoezi jepesi. Kompyuta mbovu moja ichomolewe waya, kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha ifunguliwe mbele ya darasa. Kila anayegusa vipuri aguse kwanza chuma cha sanduku, ili umeme tuli wa mwilini usiviharibu. Wanafunzi wavitambue vipuri vitano tulivyovieleza, kisha kila mmoja aandike barua fupi kwa fundi akieleza dalili bila kutumia neno "imekufa". Wakimaliza wajadili: "pawasaplai" au "kigawa-umeme"? "Pesti" au neno jingine? Wasikilize pia mafundi wanasemaje, kwa maana istilahi isiyokubalika dukani haitadumu kitabuni.

Wenye mapendekezo ya istilahi bora wayalete idarani. Tunawatakia muhula mwema.