Maradhi Yanayohusishwa na Matiti Bandia: Njia ya Mgonjwa wa Kilosa na Mikumi Kumpata Daktari wa Kumwelewa

Katika zahanati na vituo vya afya vya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, mwanamke anayelalamikia uchovu usiokwisha, maumivu ya viungo na muwasho wa ngozi huanzia kwenye njia inayojulikana. Hupimwa malaria kwa kipimo cha haraka, hupimwa mkojo na wingi wa damu. Akiwa ni mfugaji, au mtu wa kunywa maziwa yasiyochemshwa, tabibu makini humfikiria brusela. Muwasho nao humkumbusha mhudumu ugonjwa wa usubi, kwa kuwa Kilosa ni miongoni mwa maeneo ya nchi ambayo wananchi wake wamegawiwa dawa ya ivermectin kwa ajili ya kuudhibiti ugonjwa huo.

Utaratibu huo ni sahihi, kwani magonjwa ya kawaida hubaki kuwa ndiyo yanayotokea mara nyingi zaidi. Lipo, hata hivyo, swali moja ambalo ni rahisi kusahaulika katika chumba cha daktari cha wilayani: je, mgonjwa amewahi kufanyiwa upasuaji wa kubadili umbo la mwili, na hasa kuwekewa matiti bandia?

Kwa miaka mingi swali hilo lingeonekana kuwa la watu wa mbali. Leo sivyo. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, kupitia tawi lake la Mloganzila jijini Dar es Salaam, ilianza kutoa huduma za upasuaji wa kurekebisha maumbile kwa ajili ya urembo, huduma ambazo awali Watanzania wengi walizifuata nje ya nchi. Mikumi iko kando ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia. Kilosa inapitiwa na reli, ya zamani na ya kisasa. Aliyefanyiwa upasuaji Dar es Salaam, India au Uturuki anaweza kurudi nyumbani kumuuguza mzazi, kufanya biashara au kustaafu, na maradhi yakamkuta hukohuko.

Kikwazo cha kwanza ni cha lugha. Kitaalamu, kitu kinachowekwa ndani ya titi huitwa kipandikizi. Katika kliniki za Tanzania, neno hilo kwa wanawake walio wengi lina maana ya kijiti cha uzazi wa mpango kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Mgonjwa akiulizwa iwapo ana kipandikizi, anaweza kujibu kwa dhati kabisa kwamba alikwisha kukitoa, na mazungumzo yakaishia hapo huku mwulizaji na mjibuji wakizungumzia mambo mawili tofauti. Swali lililo wazi ni hili: je, umewahi kuwekewa kitu chochote kifuani, au kuchomwa sindano, ili kuongeza ukubwa au kubadili umbo?

Kikwazo cha pili ni aibu. Mwanamke anaweza kuwa hakumwambia mumewe, mama yake wala shoga yake wa karibu, sembuse muuguzi anayeishi mtaa mmoja naye. Katika mji mdogo hofu hiyo si ya kubeza. Ifahamike kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na kwamba usiri ni sehemu ya maadili ya kila mtaaluma wa afya. Mgonjwa ana haki ya kuomba kuzungumza na daktari faraghani, bila ndugu aliyemsindikiza.

Matiti bandia ni vifuko vyenye ganda la silikoni, vilivyojazwa ama jeli ya silikoni ama maji ya chumvi. Vifuko vya kwanza vya jeli viliwekwa mwaka 1962 mjini Houston, Marekani, na madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow. Huwekwa kwa ajili ya urembo, na pia kwa wanawake walioondolewa titi kwa sababu ya saratani. Mwili hukizungushia kila kifuko utando wa kovu, jambo ambalo ni la kawaida. Tatizo huanza pale utando huo unapokaza na kuleta maumivu, au kifuko kinapopasuka. Si vifaa vya kudumu maisha yote, na kadiri miaka inavyosonga ndivyo uwezekano wa kuhitaji upasuaji mwingine unavyoongezeka. Jambo hili wapo wanaolisikia baada ya kufanyiwa upasuaji, ilhali lilipaswa kuwa la kwanza kuambiwa.

Kupasuka kwa kifuko cha jeli mara nyingi hakuna dalili. Kwa sababu hiyo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, inashauri mwenye vifuko vya jeli achunguzwe kwa ultrasaundi au kipimo cha MRI kati ya mwaka wa tano na wa sita baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka miwili hadi mitatu, hata kama hajisikii vibaya.

Lipo pia tatizo zito ambalo hutokea kwa nadra: aina ya saratani ya mfumo wa limfu ambayo huota katika utando na majimaji yanayozunguka kifuko. Hii si saratani ya titi lenyewe. FDA ilitoa taarifa ya kwanza kuhusu uhusiano huo mwaka 2011, na imeonekana zaidi kwa wenye vifuko vya uso usio laini. Julai 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vifuko vyake vya aina ya BIOCELL kwa sababu hiyo. Dalili yake kuu ni titi kuvimba upande mmoja miaka mingi baada ya upasuaji, wakati kidonda kilikwisha kupona zamani. Uvimbe wa namna hiyo haufai kutibiwa kwa vidonge vya kuua bakteria wiki baada ya wiki. Majimaji yake yanapaswa kuvutwa kwa sindano na kupelekwa maabara. Ukigundulika mapema, ugonjwa huu mara nyingi hupona kwa kuondoa kifuko pamoja na utando wake.

Maradhi yenye utata zaidi ni yale yanayoupata mwili mzima. Wanawake wa nchi mbalimbali wameeleza kupatwa na uchovu mkubwa, kusahausahau, akili kuwa nzito, maumivu ya viungo na misuli, vipele, na nywele kunyonyoka. Hali hiyo haina kipimo kimoja cha kuithibitisha, wala haina vigezo rasmi vya utambuzi, na chanzo chake hakijafahamika. Mwaka 1999 jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani lilipitia tafiti zilizokuwapo na kuona kwamba madhara ya wazi ni yale ya kifuani, kama kupasuka, kukaza na maambukizi, bila ushahidi wa kuridhisha wa ugonjwa wa mwili mzima. Kwa muda mrefu baada ya hapo, mgonjwa aliyelalamika aliweza kujibiwa kwamba ana msongo wa mawazo.

Waliobadili mwelekeo huo ni wagonjwa wenyewe. Walitafutana, wakalinganisha dalili zao, na Machi 2019 wakatoa ushahidi mbele ya jopo la wataalamu la FDA. Oktoba 2021 mamlaka hiyo iliagiza vifuko vyote viuzwe vikiwa na onyo la ngazi ya juu lililowekwa ndani ya kisanduku, kikitaja saratani ya limfu na dalili za mwili mzima. Iliagiza pia kila mwanamke apitie na daktari wake orodha ya hatari kabla ya upasuaji na kupewa kadi ya kifaa alichowekewa. Hakuna aliyesema kwamba chanzo kimepatikana. Kilichokubaliwa ni kwamba malalamiko hayo ni ya kweli na yanastahili kuandikwa katika jalada la mgonjwa.

Historia inatoa sababu nyingine ya kumsikiliza mgonjwa. Nchini Ufaransa, kampuni ya PIP ilijaza vifuko vyake jeli ya viwandani isiyoruhusiwa kwa matumizi ya tiba. Viliondolewa sokoni mwaka 2010 baada ya kuuzwa katika nchi nyingi, mwishoni mwa mwaka 2011 Serikali ya Ufaransa ikawashauri wanawake wapatao 30,000 waviondoe, na mwaka 2013 mwasisi wa kampuni hiyo, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka 4. Anayejua jina la kiwanda na namba ya kifuko chake anaweza kupewa jibu kuhusu bidhaa aliyobeba mwilini. Asiyejua hubaki akikisia.

Kwa mkazi wa Mikumi au Kilosa, kumpata daktari wa kumwelewa hakuanzi kwa kupanda basi kwenda Dar es Salaam kumtafuta bingwa. Kunaanzia kwa tabibu aliye karibu, pamoja na karatasi chache: kadi ya vifuko ikiwapo, taarifa ya upasuaji, tarehe na jina la hospitali ulikofanyika, na maelezo mafupi ya dalili ilianza lipi, lini, na nini kilifuata. Kama kadi imepotea, hospitali iliyofanya upasuaji iandikiwe. Ombi la maandishi lina uzito kuliko simu. Nyaraka za lugha ya kigeni zitafutiwe tafsiri mapema, kwa sababu daktari wa zamu hataweza kuisoma karatasi ya Kituruki.

Hospitali ya Wilaya ya Kilosa na Hospitali ya Mtakatifu Kizito iliyopo Mikumi ni mahali pa kufanyiwa uchunguzi wa awali na kupewa rufaa. Kutoka hapo mgonjwa huelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na inapobidi Muhimbili na Mloganzila kwa madaktari wa upasuaji rekebishi, au Taasisi ya Saratani Ocean Road iwapo kuna shaka ya saratani. Kipimo cha MRI kinapatikana Muhimbili, na pia katika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, ambako kwa anayetoka Kilosa reli inafika moja kwa moja. Asiyemudu gharama aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali husika kabla ya kukata tamaa.

Mtaalamu wa mionzi naye anapaswa kuambiwa. Vifuko huweza kuacha kivuli katika picha ya kifua, na asiyejua anaweza kukisoma kivuli hicho kama tatizo la mapafu. Upigaji picha wa titi kwa uchunguzi wa saratani unahitaji namna tofauti kwa mwenye vifuko, ili kisiminywe kikapasuka na ili nyama ya titi ionekane. Kuwa na matiti bandia hakumwondolei mwanamke wajibu wa kuchunguzwa saratani ya matiti, ambayo nchini Tanzania ni ya pili kwa wanawake baada ya saratani ya mlango wa kizazi.

Daktari mwelewa si yule anayekubali kila kitu. Anayesikia neno silikoni na papo hapo kuliweka kila tatizo katika kapu hilo ni hatari sawa na anayelipuuza. Uchovu na maumivu ya viungo huletwa pia na upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kifua kikuu, VVU, kisukari, baridi yabisi na hiyo brusela iliyotajwa. Vyote hivyo vina vipimo, na vingi vina tiba. Wala haishauriwi kuondoa vifuko kwa mtu asiye na dalili yoyote kwa sababu ya hofu tu. Baadhi ya wanawake wenye dalili hupata nafuu baada ya kuviondoa, wengine hawapati, na upasuaji wa kuondoa una hatari zake. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa yote hayo kabla ya kutia saini.

Wale waliochomwa sindano za kuongeza matiti au makalio majumbani na saluni wako katika kundi jingine. Silikoni ya majimaji iliyodungwa mwilini husambaa katika nyama na huweza kuziba mishipa ya damu. Haiwezi kutolewa kama kifuko kinavyotolewa. Aliyefanyiwa hivyo akipata ghafla shida ya kupumua, homa au ngozi kubadilika rangi, hiyo ni dharura ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, na jambo la kwanza kusema ni kile alichodungwa, au walau kwamba alidungwa.

Madhara yatokanayo na kifaa tiba hutolewa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na mtoa huduma au mgonjwa mwenyewe. Malalamiko kuhusu mwenendo wa daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa ushauri wa jumla, Wizara ya Afya inapokea simu bila malipo kupitia namba 199.

Kwa mgonjwa ambaye hatimaye ataamua kuondolewa vifuko, makubaliano kadhaa yafanyike na daktari kabla ya siku ya upasuaji: utando wa kovu utakaotolewa na majimaji yoyote yatakayokutwa yapelekwe maabara ya patholojia iwapo kuna uvimbe au shaka, namba ya kifuko iandikwe katika jalada, na nakala ya majibu apewe mgonjwa mwenyewe aihifadhi nyumbani pamoja na cheti chake cha rufaa.