Kabla ya Tabo, Tazama Bloku

Ras Kitau, ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela, si mahali pa kwenda na gari. Barabara ya lami hakuna, na ng'ambo kisiwani Lamu punda ndio wabebao mizigo. Nguvu farasi lakini zipo tele, zimefungwa nyuma ya boti. Mwenye kutaka kujua kwa nini Subaru ya Nairobi iliyoongezewa nguvu huua injini mapema anaweza kuanzia hapa ufuoni, pembeni ya mashine iliyofunguliwa.

Tuseme ni Yamaha Enduro ya nguvu farasi 40, ile ya silinda mbili iliyozoeleka pwani yetu. Bloku yake ni ya alumini, na ndani ya kila silinda mna silivu ya chuma, kwa sababu alumini tupu haivumilii msuguano wa ringi. Hupozwa kwa maji ya bahari yenyewe, yanayovutwa na impela. Fundi akifungua hedi hatazami pistoni kwanza. Hukwangua njia za maji kwa ncha ya bisibisi, na mara nyingi hutoka ganda jeupe la chumvi, gumu kama jiwe. Hapo ndipo joto lilipokwama. Kisha hupitisha kidole ndani ya silivu kutafuta mikwaruzo. Ikiwa mirefu, silinda itachongwa na kuwekewa pistoni pana zaidi.

Mashine hiyo ni ya mipigo miwili, kwa hiyo kila silinda huwaka kila mzunguko mmoja. Kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika ni zaidi ya mara 80 kila sekunde, na nahodha anayewahi abiria wa ndege hapunguzi moto mpaka afike. Gari la barabarani hukanyagwa kwa sekunde chache, halafu likapumzika kwenye foleni. Ndiyo maana watu wengi hudhani bloku zao ni imara kuliko zilivyo: hazijawahi kuulizwa swali gumu.

Swali lenyewe ni hili. Pistoni ya injini ya Subaru EJ20 ina kipenyo cha milimita 92. Shinikizo la mlipuko likifika baa 100, kiwango kisicho cha ajabu kwa injini ya petroli yenye tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), pistoni hiyo husukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa karibu tani 6.8. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda ya injini hii ya mipigo minne hupigwa hivyo mara 50 kwa sekunde. Na mlipuko hausukumi pistoni peke yake. Hedi husukumwa ijitenge na bloku, krankshafti husukumwa upande wa pili, na kuta za silinda hutanuka. Ongeza pumzi ya tabo, na vyote hivyo huongezeka kwa pamoja.

Bloku za Subaru hazikuumbwa sawa. Baadhi ya EJ20 za mwanzo, miaka ya 1990, zilifungwa juu, yaani kuta za silinda zimeungana na mwili wa bloku pale hedi inapokalia. Nyingine nyingi ziko wazi juu, na ukuta umezungukwa na maji mpaka kwenye gasketi. Ukuta kama huo ukitikisika kidogo tu, gasketi ndiyo inayolipa. Injini ya lita 2.5 ina mtihani wa ziada: kipenyo cha silinda kilipanuliwa hadi milimita 99.5 ilhali nafasi ya bloku haikuongezeka, kwa hiyo ukuta kati ya silinda na silinda ni mwembamba zaidi.

Wapenzi wa Toyota watasema suluhisho ni 2JZ, injini ya silinda sita iliyopewa umaarufu na Supra ya 1993 hadi 2002, bloku yake ya chuma cha kusubu na iliyofungwa juu. Wana haki ya kujivuna. Lakini Safari Rally inatuonya tusiabudu chuma. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda kwa Subaru Impreza, bloku ya alumini. Mwaka 1998 Richard Burns akashinda kwa Mitsubishi Carisma GT, bloku ya chuma. Zote zilivuta hewa kupitia tundu la milimita 34 lililowekwa na kanuni, na nguvu zikabaki karibu na farasi 300. Kanuni ndiyo iliyolinda bloku. Gari la mtaani halina mlinzi huyo. Kuna mwenye gari na kompyuta ya fundi wake.

Atakayetaka nguvu kupita hizo ana njia za kweli. Zipo silivu nene za chuma zinazoingizwa kwa kuchonga bloku upya na kuifunga juu. Zipo stadi za chuma kigumu badala ya bolti za kiwandani, ili hedi isinyanyuke. Zipo konrodi na pistoni za kufuliwa. Zipo hata bloku zilizochongwa kutoka pande moja la alumini, kwa wanaoshindana mbio za mita 400. Wengine humimina kijazo kigumu kama saruji ndani ya njia za maji. Kwa mbio za sekunde kumi ni sawa, kwa msongamano wa Barabara ya Thika ni kupika injini. Na chuma zaidi si dawa siku zote: Yamaha ilipotoa mashine zake za V6 za lita 4.2 mwaka 2010, iliondoa silivu kabisa na kuupaka ukuta wa alumini tabaka gumu kwa plazma, ikapata silinda pana zaidi.

Kazi ya silivu isiyopimwa kwa maikromita ni hasara mpya juu ya hasara ya zamani. Kwa hiyo msomaji mwenye Subaru ya mtumba na ndoto ya tabo kubwa apime kwanza mgandamizo wa kila silinda, akague kama maji ya rejeta yana mapovu injini ikiwaka, na aombe vipimo hivyo kwa maandishi. Mgandamizo wa silinda moja ukiwa chini kuliko wa nyingine, pesa ya tabo iende kwenye bloku.